Mateka wa vita ana haki gani? Maswali yenu matano

Askari akikamatwa analazimika kujibu kila anachoulizwa?
Hapana. Anataja jina lake, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi, basi. Ipo kwenye kifungu cha 17 cha Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, ule unaolinda mateka wa vita. Akinyamazia mengine hawaruhusiwi kumpiga wala kumtishia.

Hizi video za mateka tunazotumiwa WhatsApp ziko sawa?
Haziko sawa kabisa na hili linaniuma sana. Kifungu cha 13 kinakataza mateka kutukanwa au kuanikwa watu wamtazame, sasa fikiria mama yuko kijijini hajui mwanae yuko wapi alafu anamuona kwenye simu ya jirani kapiga magoti, damu inamtoka, anaulizwa maswali. Njia halali ipo, ndani ya wiki moja tangu afike kambini anatakiwa apewe kadi ya kuwajulisha nyumbani kuwa yuko hai, na hata wakimwekea kikomo cha kuandika, isipungue barua mbili na kadi nne kwa mwezi. Kwahiyo ukitumiwa hizo video usizifowadi, hata kama upande wake ndio ulioanza vita.

Kijana wa Kenya aliyeingia jeshi la Urusi akakamatwa Ukraine si ni mamluki tu?
Wengi wanachanganya hapa. Ni kweli mamluki hana hadhi ya mateka wa vita, ila Itifaki ya Kwanza ya 1977, ya nyongeza kwenye Mikataba ya Geneva, imeweka masharti sita na lazima yatimie yote, mojawapo asiwe mwanajeshi wa upande unaopigana. Huyu kasajiliwa jeshini na kavalishwa sare, kwahiyo ni mateka sawa na Mrusi yeyote, awe alienda kwa hiari au alidanganywa kuna kazi ya kawaida.

Akitoroka wakamkamata tena?
Adhabu ni ya nidhamu tu na haizidi siku 30. Hapa kwetu Januari 1943 Waitaliano watatu walitoroka kambi ya Waingereza pale Nanyuki ili wapande Mlima Kenya, wawili wakafika kilele cha Lenana, alafu wote wakarudi kambini wenyewe! Wakapewa siku 28 za kufungiwa peke yao, mkuu wa kambi akapunguza zikawa 7. Mkataba wa enzi hizo ni ule wa 1929, nao kikomo chake kilikuwa siku 30.

Na waasi wa vita vya ndani?
Hao serikali inaweza kuwashtaki kwa uasi, hawana hadhi ya mateka wa vita. Lakini kifungu cha 3 cha Mikataba ya Geneva ya 1949 kinakataza kuwatesa, kuwadhalilisha au kuwaua bila mahakama ya haki, na kinawabana waasi vilevile, askari wa serikali akisalimu amri mikononi mwao hawana ruhusa ya kumgusa.