Maswali ya Wasomaji: Kwa nini mtoto alifuata utumwa wa mama yake huko Virginia?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha historia katika shule ya sekondari. Tulipofika kwenye mada ya makoloni ya Waingereza huko Amerika Kaskazini, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini mtoto wa bwana Mwingereza na kijakazi wa Kiafrika alihesabiwa mtumwa, ilhali huku pwani mtoto wa suria alizaliwa huru, akamrithi baba yake, na wana wa masuria wakawa masultani wa Unguja. Je, Waingereza walikwenda na desturi hiyo kutoka kwao?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Hapana, mwalimu, na kwa sababu hiyo habari hii inastahili kufundishwa taratibu. Kwa sheria ya Kiingereza ya karne ya 17 mtoto alichukua hadhi ya baba yake. Kanuni ya mtoto kufuata hali ya mama ilitungwa Virginia kwenyewe, mwezi Desemba 1662, na watu waliokuwa na maslahi katika jambo hilo, nasi tunaijua kesi iliyoitangulia.

Koloni la Virginia lilianza Jamestown mwaka 1607, likakaribia kufa kwa njaa na maradhi, kisha likaokolewa na tumbaku, ambayo John Rolfe alianza kuilima huko yapata mwaka 1612. Tumbaku inataka mikono mingi, na kwa muda mrefu mikono hiyo ilikuwa ya vijana maskini wa Kiingereza waliofunga mkataba wa kutumika miaka 4 hadi 7 kwa kulipiwa nauli ya meli. Mwishoni mwa Agosti 1619 meli iitwayo White Lion ilitia nanga Point Comfort ikiwa na Waafrika ishirini na kitu, waliotekwa kutoka katika meli ya Kireno iliyowapakia Luanda, wakabadilishwa kwa chakula. Wakati huo Virginia haikuwa na sheria yoyote iliyoeleza mtumwa ni nani. Ndiyo maana tunamkuta mtu kama Anthony Johnson, aliyefika mwaka 1621 akiwa mateka, akaupata uhuru wake, akaoa, na mwaka 1651 akapewa ekari 250 kwa jina lake. Lakini pia tunamkuta John Punch, aliyetoroka mwaka 1640 pamoja na watumishi wawili Wazungu: wenzake wakaongezewa miaka ya kutumika, naye peke yake akahukumiwa kutumika maisha yake yote. Mahakama ilikuwa imekwisha kuanza kuwapima watu kwa rangi zao kabla sheria haijasema neno.

Sasa tuje kwa Elizabeth Key, ambaye ningependa wanafunzi wako wamjue kama wanavyomjua George Washington. Baba yake, Thomas Key, alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la koloni. Mama yake alikuwa Mwafrika, na kumbukumbu za mahakama hazikuona haja ya kulitaja jina lake. Baba alikana kwanza, akashtakiwa, akakiri. Mwaka 1636, alipokuwa akijiandaa kurudi Uingereza, alimkabidhi binti huyo mdogo kwa Humphrey Higginson, baba yake wa ubatizo, amtunze na kumtumikisha kwa miaka 9, kisha awe huru. Ahadi haikutimizwa. Elizabeth alipitishwa kwa bwana mwingine, John Mottram, na miaka 9 ikawa karibu 20. Mottram alipofariki mwaka 1655, wasimamizi wa mirathi walimwandika Elizabeth miongoni mwa watumwa wa marehemu, yeye pamoja na mwanawe mchanga.

Elizabeth alikwenda mahakamani. Aliyesimama kumtetea ni William Grinstead, kijana wa Kiingereza aliyekuwa mtumishi wa mkataba na aliyeijua sheria, naye ndiye baba wa mtoto yule. Hoja zilikuwa tatu: kwamba baba yake alikuwa Mwingereza huru, na mtoto humfuata baba, kwamba alibatizwa, hivyo ni Mkristo, na kwamba muda wa mkataba wake ulikwisha zamani. Wazee wa mahakama ya wilaya ya Northumberland wakamwona huru. Wasimamizi wa mirathi wakakata rufaa, mahakama kuu ya koloni ikaitengua hukumu, shauri likapelekwa mbele ya baraza la kutunga sheria, na kamati yake ikasema waziwazi kwamba kwa sheria ya Kiingereza mtoto wa mtu huru, hata akizaliwa na kijakazi, anapaswa kuwa huru. Julai 1656 Elizabeth alitoka akiwa huru, akaolewa na wakili wake.

Miaka 6 baadaye baraza hilohilo lilipitisha sheria inayoanza kwa kukiri kwamba pametokea mashaka kama watoto ambao Waingereza wamewazaa na wanawake Weusi ni watumwa au ni huru, kisha ikaamua: kila mtoto atakayezaliwa humu nchini atakuwa mtumwa au huru kwa kufuata hali ya mama yake tu. Hoja ya kwanza ya Elizabeth ikafungwa. Mwaka 1667 ikafungwa ya pili, kwa sheria iliyosema kwamba ubatizo haubadilishi hali ya mtumwa. Mwaka 1669 ikaongezwa kwamba bwana akimwua mtumwa wake katika kumwadhibu hatahesabiwa kuwa ametenda jinai. Ukizipanga tarehe hizi ubaoni, mwanafunzi ataona mwenyewe namna mlango mmoja baada ya mwingine ulivyozibwa.

Angalia pia nani alifaidika. Kwa desturi ya Kiingereza mwanamume aliyezaa nje ya ndoa angeweza kulazimishwa kumlea mtoto wake, kama Thomas Key alivyofikishwa mahakamani. Baada ya mwaka 1662 mwanamume aliyemwingilia kijakazi wake, mara nyingi kwa nguvu, hakudaiwa matunzo, alijiongezea mali. Watunga sheria walikuwa wameiacha sheria ya nchi yao na kuishika kanuni ya Warumi wa kale, kanuni ambayo Waingereza wenyewe waliitumia kwa mifugo.

Kuhusu ulinganisho na pwani yetu, tuwe waangalifu. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria na bwana wake alikuwa huru, mwenye nasaba na urithi, na mama hakuruhusiwa kuuzwa tena, akawa huru bwana alipokufa. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wana wa Sayyid Said waliotawala Unguja, wote walizaliwa na masuria. Lakini mtoto wa kijakazi aliyezaliwa na mume asiye bwana wake alibaki chini ya mwenye mama, hapa kama kule, na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba hayakuwa mahali pa huruma. Tofauti iliyopo ni kwamba huku baba alilazimika kumtambua mtoto wake kuwa ni mtu huru, na kule sheria ilimpa sababu ya kutomtambua. Kisha Virginia ikaongeza rangi juu yake: mwaka 1691 ndoa kati ya Mzungu na Mweusi iliharamishwa, na mtumwa aliyeachwa huru akatakiwa aondolewe katika koloni ndani ya miezi 6. Sheria kubwa ya mwaka 1705 ikawahesabu watumwa kuwa mali isiyohamishika, sawa na ardhi.

SWALI: Thomas Jefferson aliandika mwaka 1776, katika Azimio la Uhuru la Marekani, kwamba watu wote wameumbwa sawa, na inasemekana alizaa watoto na mtumwa wake. Je, sheria hiyo ya 1662 iliwagusa watoto wake mwenyewe?
Mwanafunzi wa sheria, Nairobi

JIBU: Iliwagusa barabara. Sally Hemings alizaliwa yapata mwaka 1773. Bibi yake mzaa mama alikuwa Mwafrika na babu yake Mwingereza, nahodha wa meli. Baba yake, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, alikuwa John Wayles, baba mkwe wa Jefferson. Kwa hiyo Sally alikuwa ndugu wa mke wa Jefferson kwa baba mmoja, na Jefferson alimpata kwa urithi. Alipelekwa Paris mwaka 1787, mahali ambapo angeweza kudai uhuru wake, akarudi Virginia mwaka 1789 baada ya kuahidiwa, kama mwanawe Madison alivyosimulia miaka mingi baadaye, kwamba watoto wake wataachwa huru wakifikisha miaka 21.

Wanne kati yao walikua: Beverly, Harriet, Madison na Eston. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 1998 na kumbukumbu zilizopo vimewafanya wanahistoria wengi kukubali kwamba baba yao ni Jefferson. Hapa mwanafunzi wa sheria atazame kwa makini. Sheria ya Virginia ya wakati huo ilimhesabu mtu mwenye chini ya robo ya damu ya Kiafrika kuwa si Mweusi, na watoto hawa walikuwa na sehemu moja tu kati ya nane. Walikuwa Wazungu kisheria, na watumwa kisheria, kwa wakati mmoja, kwa kuwa uhuru ulipimwa kwa tumbo la mama. Beverly na Harriet waliachwa waondoke mwaka 1822. Madison na Eston waliachwa huru kwa wosia wa Jefferson, aliyefariki mwaka 1826. Januari iliyofuata watu 130 wa Monticello, shamba lake, walitangazwa kupigwa mnada ili kulipa madeni yake.

Maneno kama hayo ya 1776 kuhusu usawa yalikuwa na nguvu pale tu ambapo mahakama zilikubali kuyasoma kama yalivyoandikwa. Huko Massachusetts mtumwa aitwaye Elizabeth Freeman alishtaki mwaka 1781, akitegemea katiba mpya ya jimbo iliyosema watu wote wamezaliwa huru na sawa, akashinda, na miaka 2 baadaye utumwa ukawa hauna tena kinga ya mahakama katika jimbo hilo.

SWALI: Mabibi zetu wa Unguja walikuwa wakizungumzia nguo ya merikani. Je, ni kweli ilifumwa kwa pamba ya watumwa?
Msomaji, Muscat

JIBU: Ni kweli, na inahusiana na yote tuliyokwisha kusema. Katiba ya Marekani iliruhusu Bunge kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kuanzia mwaka 1808, na marufuku ikapitishwa. Hata hivyo watumwa waliokuwa takriban 700,000 mwaka 1790 walikaribia milioni 4 mwaka 1860, wengi mno wakiwa wamezaliwa hukohuko na mama watumwa. Ardhi ya Virginia ilikuwa imechoka kwa tumbaku; mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney, ya mwaka 1793, ilikuwa imeifanya pamba kuwa utajiri wa kusini ya mbali; na takriban watu milioni moja waliuzwa au kuhamishwa kutoka majimbo ya zamani kwenda Alabama, Mississippi na Louisiana. Mtoto aliyezaliwa chini ya kanuni ile ya 1662 akawa bidhaa ya kuuzwa akiwa kijana.

Pamba yao ilipanda meli kwenda viwanda vya Massachusetts, na wafanyabiashara wa Salem, bandari ya jimbo hilo, wakaleta Unguja kitambaa kigumu kisichotiwa rangi, ambacho misafara ya bara ilikitumia kama fedha. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini hapo kwenu Muscat mwaka 1833, ushuru ukiwa asilimia 5. Richard Waters wa Salem akafika Unguja mwaka 1837 kuwa konseli. Na mwaka 1840 meli ya Sultani, Sultana, ikaenda New York chini ya Ahmad bin Naaman. Meli za Salem zilirudi na sandarusi, ngozi, na pembe za ndovu, ambazo Connecticut zilikatwa kuwa vibao vya piano, na pembe hizo zilishuka kutoka bara juu ya mabega ya wapagazi, baadhi yao watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 pamba ya kusini ikafungiwa bandarini, merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi yake sokoni. Utumwa Marekani ulifutwa kwa katiba mwezi Desemba 1865; hapo ndipo kanuni ya mama, baada ya miaka 203, ilipokosa mtu wa kumhukumu.