Kamera gani? Lala porini kwanza

Kuna dogo kanitumia meseji inboksi juzi, "Bro hiyo picha ya Ol Doinyo Lengai umepigia kamera gani?" Lengai ni ule mlima wa volkano jirani na Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Nilicheka, halafu nikaumia kidogo, maana 2019 na mimi nilikuwa nauliza hivyohivyo.

Mara ya kwanza Ziwa Natron nililala siku mbili tu, nikarudi na picha zaidi ya elfu moja najiona mkali balaa. Nikamtumia mhariri mmoja, akajibu mstari mmoja: "Nzuri, ila nimeshaziona." Alikuwa sahihi. Sijamsamehe lakini. Na aibu nyingine, kule kileleni mwa Lengai kweupe niliandika "theluji", kumbe ni lava! Ya mlima ule inatoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe.

Mwaka uliofuata nikaomba lifti kwenye gari la mizigo toka Mto wa Mbu mpaka Engaresero, kijiji cha hapo ziwani, nikakaa siku tisa. Siku tatu za kwanza picha zilezile, heroe, machweo, heroe tena. Ya nne betri zote zimezima na vumbi la magadi limejaa mpaka kwenye kola ya shati, nikawa nakaa tu na mzee mmoja wa Kimasai anachunga mbuzi. Akaniuliza, "Kijana, kila jioni unaukodolea huu mlima, asubuhi unakuwa wapi?" Nalala mzee wangu.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu niko nje. Jua linatoka mashariki, kivuli cha Lengai kinaangukia ukuta wa Bonde la Ufa ng'ambo ya pili, kimechongoka kama paa la msonge, halafu kinashuka taratibu mpaka kinaisha. Sina betri! Nikakiangalia tu asubuhi mbili, ya tatu nimeshapata chaji ndo nikapiga, picha sita basi.

Sasa nyie mnaotaka kuitwa wapiga picha, acheni kwenda porini kama mnaenda kula pilau la harusi, unaingia unapiga unasepa. Lala hapohapo. Ukiboreka, lala tena. Na msalimie anayechunga, yeye mlima anauona kila siku.

Wiki iliyopita hoteli moja imenunua kile kivuli, kimepanda ukutani mapokezi. Kamera ni ileile ya mtumba ya 2019, mfuniko wa betri nimeugandisha na supagluu. Dogo nimemjibu hivyo, kaniachia tiki za bluu.