Muulize Nahodha: Tulifika nusu ya njia, akatugeuza

SWALI: Shikamoo babu. Mwezi wa saba sisi marafiki sita tulikodi mashua Mkokotoni, Unguja, twende Wete, Pemba, kwenye harusi ya shoga yetu. Tulitoka alfajiri, bahari imetulia kama maji ya mtungini. Tulipoipita Nungwi mambo yakageuka: mawimbi, maji yanaingia, wawili wanatapika. Nahodha akatua tanga palepale katikati ya mawimbi, mashua ikawa inalala huku na huku, kisha akaturudisha. Harusi ikatupita. Mwenzetu mmoja anasema nahodha aliogopa tu na lazima arudishe pesa yote. Mimi nilimtetea, sasa hatusemeshani. Nani ana haki?
Msomaji, Mwanakwerekwe

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Kukosa harusi ya shoga yenu kunauma. Lakini kugeuza chombo lilikuwa jambo sahihi, na nitakueleza kwa nini ili nawe ukamweleze mwenzio.

Mkokotoni wakati wa kusi, msimu wa upepo wa katikati ya mwaka, inadanganya. Upepo unatoka kusini-mashariki, nanyi mlikuwa mmejificha nyuma ya kisiwa kizima cha Unguja, na Tumbatu mbele yenu. Ukishaipita Ras Nungwi, kinga imekwisha. Kulia kwako hakuna ardhi tena, ni Bahari ya Hindi tupu, na mawimbi yanayokufikia yametoka mbali. Kina nacho kinashuka hadi mamia ya mita, nanga haina kazi. Na mkondo unakimbilia kaskazini, miezi ya kusi ndiyo unapokuwa mkali zaidi. Tanga likikupasukia pale, Wete huioni. Unachukuliwa kuelekea Kenya.

Sasa hilo la kutua tanga, yaani kulishusha, ambalo naona ndilo lililowatisha zaidi. Wakati wa kwenda upepo ulikuwa unawapiga kulia. Ili kurudi, ilibidi uwapige kushoto, yaani foromali, ule mti unaobeba tanga, na tanga lake vihamie upande wa pili wa mlingoti. Ukifanya hivyo tanga likiwa limejaa upepo, linavuka kwa kishindo: foromali inavunjika, au demani, kamba ya kuvutia tanga, inamzoa mtu hadi majini, au chombo kinalala kisiinuke tena. Kwa hiyo unatua kwanza. Chombo kisicho na tanga hakina kinachokishikilia, ndiyo maana mkayumba vile. Dakika hizo ni mbaya, zinamtoa mtu roho, lakini ndizo zilizowaokoa. Marehemu baba yangu alinifundisha kutua tanga usiku, kwa kupapasa kamba gizani, kabla hajaniruhusu kugusa usukani. Na kama nahodha aliwafokea mhamie upande wa goshi, ule unaopigwa na upepo, msimwekee kinyongo: miili yenu ndiyo ilikuwa farumi yake, uzito wa kukituliza chombo, huku baharia mwingine yuko ngamani, chini kabisa ya chombo, anafua maji.

Sisi wa visiwani tunaikumbuka Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilipozama usiku eneo hilohilo la Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Mamia ya ndugu zetu hawakurudi. Na ile ilikuwa meli ya chuma yenye injini.

Liko jambo ambalo mimi ningemuuliza nahodha wenu: je, jana yake alisikiliza utabiri? Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ikitarajiwa upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, na redio zinaitangaza. Ikiwa tahadhari ilikuwepo naye akang'oa nanga, hapo mwenzio ana hoja, tena hoja nzito. Kosa litakuwa kuondoka, wala si kurudi. Katika hali hiyo daini pesa yenu yote.

Ikiwa haikuwepo, msimdai yote. Mabaharia walifanya kazi ya kutosha siku ile. Zungumzeni naye kwa upole awapunguzie bei ya safari nyingine, na safari hiyo mkubaliane kabla ya kupanda: tukirudia njiani, nani anabeba hasara kiasi gani. Maboya pia myaone kwa macho yenu, kila mtu na lake, mwilini. Boya lililofungwa chini ya mbao halimsaidii mtu.

Kumpongeza bibi harusi msisubiri msimu. Pandeni meli bandarini Malindi, hapa Unguja, hadi Mkoani, Pemba, kisha gari mpaka Wete. Safari ya mashua iwekeni mwisho wa Oktoba au Novemba, kusi imekufa na kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, haijashika, na mzikwepe siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unakuwa mkali zaidi. Mwenzio naye mwalike. Na kama nahodha yule aliusikiliza utabiri, mkodini yeye yeye.