Giaboksi ya mkonga iliyotembea bila oili: usinunue nyingine kabla hujajua oili ilikwenda wapi

Mkuu, nimeelewa hali yako hivi: Land Cruiser mkonga (yenye bomba la kuvutia hewa kando ya kioo) HZJ75, injini 1HZ, gia tano za mkono. Imepanda Amani kutokea Muheza na mzigo, ikaanza kulia njiani. Fundi wa Ngamiani, Tanga, kafungua plagi ya kujazia, kakuta pakavu, kajaza oili, kelele ikapungua ila haijaisha. Sasa unaambiwa utafute giaboksi ya mtumba, nawe unauliza kama ya zamani inaweza kupona.

Mara nyingi inapona. Ila cha kushughulika nacho kwanza si beringi wala gia, ni oili yenyewe. Giaboksi hiyo, H55F, inachukua lita 4.9. Oili haikauki kama mchuzi jikoni. Imetoka kwa njia fulani, na njia hiyo ikibaki wazi utaua hata giaboksi mpya kabisa.

Kwanza acha kuiendesha, hata "taratibu", isipokuwa majaribio mafupi nitakayokutajia. Kama bado iko mbali na gereji na lazima ivutwe, weka mkono wa transfa (sanduku la gia la pili, linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) kwenye N, yaani huru. Kuweka gia huru peke yake hakutoshi. Transfa ikiwa H (mwendo wa kawaida), magurudumu ya nyuma yanazungusha meni shafti (shafti kuu inayotoa nguvu nje) ndani ya giaboksi wakati shafti ya chini imesimama, na shafti ya chini ndiyo inayochota oili na kuirusha juu. Utavuta gari kilomita 30 huku unasaga beringi zile zile. Salama zaidi ni kufungua propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) ya nyuma na kuachia loki za magurudumu ya mbele.

Sasa tutafute oili. Kwenye 75, mtuhumiwa wa kwanza ni transfa. Kati ya giaboksi na transfa kuna oili sili (mpira wa kuzuia oili) kwenye shafti. Ikichoka, oili inahamia upande wa pili kimya kimya, chini ya gari hapadondoki hata tone, na mwenye gari anaamini kila kitu kiko sawa. Mwaga oili ya transfa kwenye beseni safi kisha ipime kwa chupa za maji za lita moja na nusu. Kawaida zitoke lita mbili na kidogo. Zikitoka nne au tano, umepata jibu na huna haja ya kuhangaika na kitu kingine. Kipimo cha giaboksi yenyewe kimeshaharibiwa na kule kujaza, lakini muulize fundi alitia lita ngapi. Akikwambia zaidi ya nne, jua iliendeshwa ikiwa kavu kweli, si kwamba ilipungua tu.

Transfa ikiwa na kiasi chake cha kawaida, rudi nje. Osha giaboksi yote kwa dizeli na brashi, ikaushe, ipulize vumbi jembamba au poda, endesha kidogo, kisha lala chini utazame. Tundu lililo chini ya hausingi (ganda) ya klachi likiwa limelowa, nusa. Oili ya gia ina harufu kali ya kiberiti ambayo oili ya injini haina. Ikiwa ya gia, sili ya mbele nyuma ya klachi imekwisha. Ikiwa ya injini, hiyo ni sili ya nyuma ya kranki, kesi nyingine kabisa. Tazama pia plagi ya chini kama imegongwa na jiwe au washa yake imefungwa mara kumi bila kubadilishwa, na gasketi ya mfuniko wa pembeni.

Kipumulio (tundu la kutolea hewa ya giaboksi) wengi hawakigusi kabisa. Giaboksi ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka na lazima itoke. Kipumulio kikizibwa na tope la Pangani, presha inasukuma oili kupitia sili. Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi: unaingia mtoni na giaboksi ya moto, inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na kwa kuwa kipumulio kimeziba inavuta maji kupitia sili zile zile. Hapo oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Kama ni maji ya chumvi, kwa wale wanaopenda kupita ufukweni wakati wa kupwa, beringi zinaanza kutoboka kutu ndani ya siku chache. Ukimaliza matengenezo vuta mpira wa kipumulio hadi juu kwenye boneti, karibu na shingo ya mkonga. Ni kazi ya nusu saa.

Kabla ya kuipasua giaboksi yenyewe, soma sumaku ya plagi ya chini na oili iliyotoka. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida, kila giaboksi inao. Mng'ao wa dhahabu ndani ya oili ni shaba ya pete za sinkro (zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana). Magamba membamba yanayong'aa, mfano wa magamba madogo ya samaki, ni njia za beringi zinazobanduka. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno ya gia, na hapo hakuna tena mjadala wa kuendesha na kuangalia. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inasema joto lilikuwa kubwa.

Halafu sikiliza. Gari limesimama, gia huru, klachi imeachiwa: kama inalia, na ukikanyaga klachi inanyamaza, beringi ya shafti ya klachi (inayoingiza nguvu kutoka injini) au za shafti ya chini zimekufa. Kama kelele inakuja ukikanyaga klachi, angalia rilizi beringi (inayosukuma klachi) au ile ndogo iliyomo kwenye flaiwili. Kisha endesha na upite gia zote. Gia ya nne kwenye H55F ni moja kwa moja, yaani shafti ya klachi na meni shafti zinafungwa pamoja na mzigo haupiti shafti ya chini. Kwa hiyo ikilia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, lakini ya nne ikatulia, tatizo liko shafti ya chini na beringi zake, au zile rola ndogo zilizo kwenye pua ya meni shafti. Ikilia gia moja tu, ni gia hiyo na beringi yake ya sindano. Ikilia gia zote pamoja na ya nne kwa mwendo ule ule, usishushe giaboksi kabla ya kukagua transfa, krosi (viungo) za propela na difu (sanduku la gia la ekseli). Ili kutenganisha, weka transfa N, ingiza gia, achia klachi gari likiwa limesimama. Sasa giaboksi inazunguka lakini propela hazizunguki. Bila mzigo haitalia kwa nguvu ile ile, ila beringi mbovu itajitangaza.

Mlima nao unaeleza. Oili ikiwa chache, ukipanda inakimbilia nyuma na beringi ya mbele ndiyo inayokosa. Ukishuka inakuja mbele, na gia ya tano iliyo kule mwisho inabaki kavu. Gari lililolia wakati wa kupanda Amani, mimi ningeanza kuiangalia beringi ya shafti ya klachi.

Kama kelele imeisha kabisa na sumaku ni safi, tia oili mpya, endesha kama kilomita 50 bila mzigo, mwaga ikiwa ya moto, angalia. Usiisukutue giaboksi kwa mafuta ya taa huku injini inaunguruma. Mafuta ya taa yanaondoa utando wa mwisho uliobaki kwenye chuma, na dakika tano zinatosha kumaliza kilichonusurika. Lakini wewe bado inalia. Ishushe.

Giaboksi na transfa vikiwa pamoja hupita kilo 100, kwa hiyo jeki ya chupa na tofali si vifaa vya kazi hii. Fungua sahani ya sakafu ndani ya kebini, pitisha mnyororo juu, na jeki pana chini. Isije ikaning'inia kwa shafti ya klachi ndani ya diski hata kwa dakika moja. Kitovu cha diski kinapinda, na baadaye utalaumu klachi mpya.

Ukishaipasua, rangi ya chuma ndiyo ramani. Manjano ya majani makavu maana yake joto lilipita nyuzi 200 hivi. Kahawia ni zaidi. Bluu ni karibu 300, na gia ya bluu imepoteza ugumu wake hata kama meno yanaonekana mazima. Usiirudishe, italika ndani ya miezi. Beringi zote badilisha, hata ile inayoonekana nzuri. Kazi ya kushusha ni kubwa kuliko bei ya beringi moja. Ukitaka kuikagua beringi usiizungushe kwa upepo wa kompresa, izungushe kwa vidole baada ya kuiosha. Pete za sinkro zibonyeze kwenye koni ya gia yake na upime nafasi kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia). Ikishuka chini ya milimita 0.8, pete imekwisha. Uma wa gia (unaosukuma gia kuingia) ukicheza zaidi ya milimita 1 ndani ya mfereji wake, nao haufai.

Hapa ndipo unapoamua kama utatengeneza au utanunua nyingine. Beringi, pete, sili na gasketi: tengeneza bila kusita. Shafti ya chini ikiwa na meno ya bluu au yaliyomeguka, na meni shafti imelika pale beringi za sindano zinapokaa, piga hesabu upya, maana spea hizo mbili ndizo zenye bei. Ukienda kwenye mtumba, hesabu meno ya shafti ya klachi, pima urefu wa pua yake na kina cha hausingi dhidi ya ya kwako, kwa sababu H55F ilifungwa kwenye injini tofauti na si zote zinaingia kwenye 1HZ. Mwambie muuzaji amwage oili mbele yako. Akikataa, ondoka. Oili ikitoka nzito mno kama grisi, au na unga wa mbao, ujanja wa zamani wa kuficha kelele, ondoka haraka zaidi.

Ukiagiza beringi Gerezani, Dar es Salaam, tuma namba zilizochongwa kwenye beringi ya zamani, si picha ya giaboksi. Koyo, NTN au NSK zinatosha, lakini za kughushi zimejaa, kwa hiyo angalia namba kwenye chuma chenyewe kuliko maandishi ya boksi. Kuzivisha, zipashe ndani ya oili ya nyuzi 100 hivi na zitateleza zenyewe. Moto wa gesi unaharibu kile kile ulichonunua. Kila beringi ya sindano ilowe oili kabla ya kufunga, maana sekunde za kwanza hakuna oili inayofika huko. Sili ya kati ya giaboksi na transfa funga mpya hata kama hukuikuta mbovu. Kagua na shafti inapogusana nayo: ikiwa na mfereji unaoshika ukucha, sili mpya nayo itavuja. Diski ya klachi iliyolowa oili ya gia haisafishiki. Badilisha.

Oili ni 75W-90 au 80W-90, daraja la GL-4 nikiwa na chaguo, kwa ajili ya shaba ya sinkro. Usitie namba 140 "ili inyamaze". Ni nzito, haipenyi kwenye sindano, na asubuhi gia zitakataa kuingia. Fungua plagi ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, siku zote. Hapa pwani chumvi inazikaza, na utajua uchungu wake ukiwa umeshamwaga na huwezi kujaza. Gari liwe sehemu tambarare, jaza hadi oili idondoke kwenye tundu, subiri dakika kumi, ongeza tena.

Baada ya kilomita 50 angalia kiwango cha giaboksi na cha transfa, vyote viwili. Transfa ikiwa imepanda, sili haikukaa. Kilomita 1,000 mwaga oili hiyo ikiwa ya moto, weka hapa picha ya sumaku na lita zilizotoka kila upande, tuone.