Muuguzi wa mahali pa kazi: leseni, vyeti na mipaka ya sahihi yako

Tangu ujenzi wa reli ya kisasa ya kilomita 506 kati ya Tabora na Kigoma uanze, vijana wengi waliohitimu uuguzi hapa Kigoma wamekuwa wakiniuliza wafanye nini ili waajiriwe kwenye zahanati za kambi za ujenzi, viwandani au bandarini. Mimi nilitoka wodini nikaingia katika kazi hiyo, na ninavyoona wengi wao huhangaikia vyeti vya ziada bila kuuliza swali litakalowasumbua baadaye: ni karatasi zipi ambazo muuguzi ana mamlaka ya kuzitia sahihi?

Msingi wa yote ni usajili na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza na ya usalama kazini, nami nawasihi myasome, lakini cheti chake hakichukui nafasi ya leseni wala hakimpandishi muuguzi wa ngazi ya cheti kuwa wa stashahada. Mwajiri asiyefahamu tofauti hiyo anaweza kukukabidhi majukumu yanayozidi kiwango chako, na likitokea la kutokea, atakayeulizwa na Baraza ni wewe.

Kagueni pia majina. Jina likiandikwa kwa namna moja kwenye cheti cha kidato cha nne na kwa namna nyingine kwenye cheti cha chuo au kitambulisho cha taifa, shughulikieni hati ya kiapo mapema, kabla ya kuanza maombi. Kwa wenzetu waliosoma Burundi au Kongo, ambao mkoani kwetu si wachache, kuna hatua nyingine: shahada hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe, stashahada na astashahada hupelekwa NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na vyeti vilivyoandikwa kwa Kifaransa vinahitaji tafsiri inayokubalika. Anzeni mapema, kwa sababu mwajiri hasubiri.

Sasa nirudi kwenye sahihi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi na tena kila baada ya kipindi fulani, na upimaji huo imeuweka mikononi mwa daktari mwenye utaalamu wa afya ya kazi au, asipokuwapo, daktari aliyeidhinishwa. Muuguzi anapima shinikizo la damu, uzito na uoni, anachukua historia, anaandaa jalada, lakini uamuzi kwamba mtu anafaa kwa kazi fulani ni wa daktari. Katika kambi moja niliyofanyia kazi, ofisa utumishi aliniletea bunda la fomu za vibarua wapya, sehemu ya usikivu ikiwa tupu kwenye kila fomu, akaniambia, "Sista, gonga muhuri tu, gari linawasubiri." Niliandika vipimo nilivyovifanya mwenyewe, nikaweka tarehe na jina langu, nikaacha nafasi ya daktari wazi. Alikasirika sana, lakini daktari aliitwa, na vibarua wawili waliotoka kwenye kazi ya kuchimba miamba wakaonekana tayari wamepungukiwa usikivu. Kama fomu zile zingepita, kila mmoja angehesabiwa kwamba aliingia kazini na masikio mazima.

Ndiyo maana nasema ujuzi wa kupima usikivu ni wa kutafutwa kwa bidii kuliko cheti cha kupamba ukuta. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 huharibu masikio polepole, na mtu akipimwa mara tu baada ya kutoka kwenye mashine, matokeo hayaaminiki, kwa hiyo ni lazima kwanza akae mbali na kelele kwa saa 14 hivi. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wa Tabora kwenye tumbaku: anayetapika na kuona kizunguzungu baada ya kuvuna majani yenye umande huenda amepata sumu ya nikotini kupitia ngozi, na muuguzi asiyeuliza "unafanya kazi gani?" atamtibu malaria peke yake. Unayoyaandika kwenye jalada siku hiyo yanaweza kuwa ushahidi wa mgonjwa atakapodai haki yake kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Kuhusu siri, Mkataba Na. 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, unaeleza kwamba mwajiri asimlazimishe mtoa huduma ya afya kazini kuthibitisha sababu za mfanyakazi kutofika kazini. Ukitakiwa kumfuata mtu nyumbani ili kuhakikisha kweli anaumwa, kataa kwa heshima. Meneja anahitaji kujua kama mtu anaweza kufanya kazi na kwa masharti gani. Ugonjwa wenyewe unabaki kwenye jalada, na jalada linabaki kwenye kabati lenye ufunguo ulio mikononi mwa watoa huduma.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba, omba maelezo ya kazi kwa maandishi, yenye jina la daktari atakayepokea rufaa zako na atakayetia sahihi vyeti vya kufaa kazini. Ukiambiwa daktari atapatikana baadaye, omba tarehe, nayo iandikwe ndani ya mkataba.