Maswali na majibu: Jeep Grand Cherokee, kizazi kwa kizazi

Tangu nilipogusia magari ya Marekani katika safu hii, maswali mengi yamekuja kuhusu Jeep Grand Cherokee. Ni gari ninalolipenda. Wanunuzi wengi lakini huuziwa jina tu bila kuambiwa kizazi wala mfumo wa kuvuta uliomo, na hapo ndipo fedha zinapopotea. Nayajibu maswali haya kwa zamu.

Cherokee na Grand Cherokee si gari moja, ila kubwa na dogo? Kwa nini yalitengenezwa yote mawili kwa wakati mmoja? (Msomaji, Mombasa)

Ni magari mawili tofauti, ingawa yana ukoo mmoja. Cherokee unayoiona mara nyingi, ile ya umbo la sanduku, ilitoka mwaka 1983 ikiwa ya modeli ya 1984. Wakati huo Jeep ilikuwa mali ya AMC, kampuni ambayo Renault ya Ufaransa ilikuwa na hisa ndani yake. Kazi ya kuitafutia mrithi ilianza humohumo AMC, na mrithi huyo ndiye Grand Cherokee.

Mwaka 1987 Chrysler ikainunua AMC, na kilichomvutia zaidi Lee Iacocca, aliyekuwa akiiongoza Chrysler, kilikuwa Jeep. Pamoja na Jeep alipata pia wahandisi hodari, akiwemo François Castaing, ambaye baadaye alikabidhiwa uhandisi wa magari wa Chrysler nzima. Ila Chrysler ilitanguliza magari yake ya familia ya kubebea watu wengi, na mradi wa Jeep ukasogezwa nyuma. Ucheleweshaji huo uliigharimu, kwani mwaka 1990 Ford walileta Explorer ya milango minne, na familia za Marekani zikaikimbilia.

Grand Cherokee ilionyeshwa tarehe 7 Januari 1992, kwenye maonyesho ya magari ya Detroit. Bob Lutz, rais wa Chrysler, aliliendesha gari kutoka kiwanda cha Jefferson North, meya wa jiji Coleman Young akiwa kiti cha abiria. Walipanda ngazi za ukumbi wa Cobo, kisha wakapasua dirisha la kioo lililoandaliwa kwa kazi hiyo na kuingia ndani mbele ya waandishi wa habari. Meya alikuwa na sababu ya kuwemo, maana kiwanda hicho kilijengwa ndani ya jiji lililokuwa likipoteza ajira za viwandani mwaka baada ya mwaka.

Kuhusu sehemu ya pili ya swali lako, Cherokee ya zamani ilikataa kufa. Watu waliendelea kuinunua, na Chrysler ikaendelea kuiuza Marekani hadi 2001, mrithi na mrithiwa wakiwa dukani pamoja.

Gereji wananiambia gari lisilo na chesisi (fremu ya chuma inayobeba bodi) si gari la porini. Grand Cherokee lina chesisi? (Msomaji, Nakuru)

Halina chesisi iliyojitenga, tangu la kwanza hadi la leo. Bodi na sakafu ni kitu kimoja, na vyuma vya kuimarisha vimechomelewa chini yake. Kwa hiyo gari halilemewi na uzito, halilalamiki viungo kwenye barabara mbovu, na sakafu yake iko chini kiasi kwamba mzee anapanda bila kuvutwa mkono. Hasara yake ni kwamba kutu ikivila vile vyuma vya chini, au gari likinyooshwa vibaya baada ya ajali, huwezi kubadilisha chesisi ukaendelea na safari. Lipandishe juu, ulikague chini kabla hujazungumzia bei.

Lakini wenzako wanachanganya mambo mawili. Porini, jambo kubwa ni tairi kuendelea kugusa ardhi, na hilo ni suala la ekseli (mhimili unaobeba tairi za kulia na kushoto) na springi. Kizazi cha kwanza (modeli za 1993 hadi 1998) na cha pili (1999 hadi 2004) kina ekseli nzima mbele na nyuma, juu ya springi za koili. Tairi moja ikipanda jiwe, ekseli hiyohiyo inaikandamiza ya upande wa pili chini. Kuanzia modeli ya 2005 ekseli ya mbele iliondolewa, kila tairi ya mbele ikajitegemea, na modeli ya 2011 ikafanya hivyo nyuma pia. Barabarani gari likatulia sana. Miambani lilipoteza kitu, na wapenzi wa Jeep walilalamika kwa haki.

Ekseli nzima nayo ina ugonjwa wake. Ukiambiwa kwamba usukani wa yale ya zamani huanza kutikisika vibaya ukipita shimo ukiwa na mwendo, ni kweli hutokea. Usikubali kubadilishiwa shokapu peke yake. Chanzo huwa ni uchakavu wa bushi za ile fimbo inayoizuia ekseli ya mbele isicheze kando, au boljointi na viungo vya usukani. Fundi azungushe usukani kulia na kushoto gari likiwa limesimama kwa uzito wake, wewe uchungulie chini uone kipi kinacheza.

Nyuma yameandikwa Quadra-Trac, mengine Quadra-Drive. Kwa mchanga wa huku nichukue lipi? (Msomaji, Muscat)

Swali hili ndilo ningependa kila mnunuzi aulize, kwa sababu Grand Cherokee mbili za mwaka mmoja, rangi moja na injini moja zinaweza kuwa magari tofauti kabisa mchangani. Kuna hata zinazovuta kwa magurudumu mawili ya nyuma tu.

Hayo ni majina ya mifumo ya kuvuta ya Jeep. Kuanzia kizazi cha tatu (modeli ya 2005), Quadra-Trac I huvuta kwa magurudumu yote wakati wote, lakini haina gia nzito, yaani ile ya mwendo wa polepole na nguvu nyingi. Ni ya mvua, theluji na barabara ya changarawe. Quadra-Trac II ina gia nzito, na tairi ikizunguka bure, breki huibana ili nguvu iende kwenye tairi nyingine. Quadra-Drive II inaongeza difu ya nyuma (kifaa kinachogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma) inayojibana yenyewe kwa umeme. Tofauti utaihisi mchangani kuliko mahali pengine popote. Mfumo unaotegemea breki hufanya kazi yake baada ya tairi kuanza kuzunguka, na tairi inayozunguka kwenye mchanga laini inajichimbia shimo. Breki zenyewe pia hupata moto ukiendelea kwa muda mrefu. Difu inayojibana hugawa nguvu mapema zaidi.

Kwa Muscat, basi, chukua Quadra-Drive II ukiipata. Ukiikosa, usishuke chini ya Quadra-Trac II. Usiamini maandishi ya nyuma, kwa kuwa milango ya nyuma hubadilishwa. Ingia ndani utafute swichi ya gia nzito karibu na ile ya kuchagua aina ya ardhi. Isipokuwepo, gari hilo ni la mjini.

Springi za hewa zilizoanza na modeli ya 2011 hulinyanyua gari kwa kubonyeza kitufe. Katika kizazi cha sasa, gari lenye springi hizo hufikisha karibu sentimeta 28 kutoka chini, na kampuni inaliruhusu kupita maji ya kina cha sentimeta 61. Ni kitu kizuri sana kikiwa kizima. Likiwa kuukuu, liache usiku kucha, asubuhi uangalie kama kona moja imeinama. Ikiwa imeinama, hewa inavuja, na ukarabati wake si wa bei ya springi za chuma.

Ni kweli kwamba ndani yake ni Mercedes? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa kizazi kimoja, kwa sehemu. Daimler na Chrysler ziliungana mwaka 1998, na katika miaka ya ndoa hiyo wahandisi wa pande zote mbili walitengeneza msingi mmoja wa Grand Cherokee ya modeli ya 2011 na Mercedes-Benz ML iliyofuata. Daimler walijitoa 2007 kwa kuiuza Chrysler kwa kampuni ya uwekezaji ya Cerberus. Gari lilionyeshwa New York mwezi Aprili 2009, na kabla mwezi huo haujaisha Chrysler ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Fiat ndio waliokuja kushika usukani. Nalistahi sana gari hili kwa jinsi lilivyovuka msukosuko huo na bado likatoka likiwa limetengenezwa vizuri kuliko Grand Cherokee zote zilizolitangulia.

Injini ya V6 ya lita 3.6 ni ya Chrysler yenyewe, nguvu za farasi 290. Giaboksi ya gia tano iliyofungwa nayo hadi 2013 ina asili ya Mercedes, na ya gia nane iliyofuata ni muundo wa kampuni ya ZF ya Ujerumani. Dizeli ya lita 3.0 ya wakati huo ilitoka VM Motori ya Italia. Msingi kuwa mmoja hakumaanishi spea zinaingiliana, kwa hiyo agiza kwa namba ya chesisi ya gari lako.

Ukikutana na dizeli ya Marekani ya 2014 hadi 2016, uliza kama programu ya injini ilibadilishwa. Mwaka 2017 serikali ya Marekani iliituhumu kampuni kwa kuficha programu zilizobadilisha utendaji wa mfumo wa kusafisha moshi, na mwaka 2019 kampuni ikakubali suluhu.

Niko Columbus, Ohio, nataka la mkono wa pili kwa familia. Miaka gani niiogope? (Mama wa watoto wanne)

Dada, anza na idadi yenu. Kwa muda mrefu Grand Cherokee ilikuwa ya watu watano tu. Yenye safu tatu ni ile ya L iliyoanza modeli ya 2021, inayotengenezwa kiwanda cha Mack, Detroit.

Yale ya 1993 hadi 1998 yana tangi la mafuta nyuma ya ekseli, mahali pabaya gari likigongwa kwa nyuma. Mwaka 2013 wakala wa usalama barabarani wa Marekani uliyataka yarudishwe, Chrysler ikagoma, kisha ikakubali kuyafungia chuma cha kuvutia tela kama kinga. Mimi nisingeyabebea watoto. V6 za 2011 hadi 2013 zilikuwa na udhaifu wa hedi ya kushoto (kifuniko cha juu cha silinda), na dalili yake ni mlio wa kugonga kwa kasi injini ikiwaka gari likiwa limesimama, pamoja na taa ya injini kuwaka. Za 2011 pia ziliitwa na kampuni zirudishwe kurekebishwa kwa ajili ya swichi ya umeme ya pampu ya mafuta, iliyoweza kulizima gari njiani. Za 2014 na 2015 zina kishikio cha gia kinachorudi katikati kila unapokigusa. Kuna walioshuka wakidhani wameweka P (ya kuegesha), gari likatembea, watu wakaumia na kufa. Marekebisho yalitolewa 2016.

Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya wakala huo, NHTSA, uone kama kuna marekebisho ambayo hayajafanywa. Kwa Marekani marekebisho hayo ni bure, hata ukiwa mmiliki wa tatu. Ningekutafutia V6 ya 2016 hadi 2020 yenye kumbukumbu za matengenezo.

Na lile la kuchaji kwa waya, 4xe? (Msomaji, Dallas)

Lina injini ndogo ya lita 2.0 na mota za umeme, jumla nguvu za farasi 375, na hutembea kama maili 25 kwa umeme peke yake. Kwa safari za mjini linakufaa kama una pa kuchajia nyumbani. Ila mwaka 2024 mengi yaliitwa kwa hatari ya betri kushika moto, na wenye nayo wakaambiwa wayaegeshe nje, mbali na nyumba. Usilipe hata senti kabla ya kuiona karatasi ya marekebisho hayo.

Naweza kulisafirisha kutoka Marekani hadi nyumbani? (Msomaji, Louisville)

Inategemea nyumbani ni wapi. Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, wala lililozidi miaka minane. Kwa huko tafuta lenye usukani wa kulia kutoka Uingereza au Japani. Kwa Lubumbashi, Bujumbura au Kigali, ambako watu huendesha upande wa kulia wa barabara, la Marekani usukani wake uko mahali pake. Kabla ya kulipakia melini, nunua huko huko filta, bushi za mbele na pampu ya maji, uziweke ndani ya gari.