Kabla ya kugusa fayawoli, tazama huduma inasikiliza wapi

Wewe unayeanza kuwasha huduma za mtandao kwenye Linux au FreeBSD, zoea mapema swali moja: huduma hii inasikiliza, yaani inangoja maunganisho, kwenye anwani ipi? Mimi nilipoteza siku mbili kwa kutoliuliza.

Nilikuwa nimesakinisha PostgreSQL (au Postgres), programu ya hifadhidata, kwenye kompyuta ya mezani yenye Linux. Nikiwa nimekaa mbele yake, kila kitu kilikwenda vizuri. Kompyuta ya pili, iliyo kwenye mtandao uleule, ilikataliwa kila ilipojaribu kuunganika. Nikatazama systemctl status, amri inayoonyesha hali ya huduma, ikasema active, yaani inafanya kazi. Nikaona basi mkosaji ni fayawoli, kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao, nikaizima yote. Hakuna kilichobadilika, ila mashine ililala wazi usiku kucha.

Kesho yake ndipo nikaandika:

sudo ss -tlnp

Hapo t ni TCP, l ni soketi (ncha za mawasiliano) zinazosikiliza, n huacha namba zilivyo, na p hutaja programu yenyewe. Usipotumia sudo, programu za watumiaji wengine hazitajwi. Kwenye FreeBSD andika sockstat -l. Mstari wa Postgres ulisomeka 127.0.0.1:5432, yaani anwani, kisha poti, namba ya mlango wa huduma. Anwani hiyo mashine huitumia kuzungumza na nafsi yake tu, kwa hiyo mgeni wa nje hafiki hapo hata ufungue fayawoli yote. PostgreSQL huja hivyo ikiwa mpya, na ni vizuri ije hivyo.

Kinachoniuma ni kwamba dalili nilikuwa nayo tangu mwanzo. Ukijibiwa papo hapo "connection refused", mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna anayesikiliza kwenye poti ile. Fayawoli inayotupa pakiti kimyakimya hukuacha ukisubiri mpaka muda uishe. Tofauti hiyo ya sekunde chache ingeniokolea siku nzima.

Nikabadilisha listen_addresses, kipengele kinachotaja anwani za kusikiliza, kwenye faili la mipangilio postgresql.conf, nikafanya reload (kusoma mipangilio upya bila kuzima huduma), nikapima tena: bado 127.0.0.1. Kipengele hicho husomwa huduma inapoanza tu, lazima restart, yaani kuizima na kuiwasha upya. Ndiyo maana nasisitiza upime kwa ss kila baada ya badiliko, usiliamini faili ulilohariri. Na usikimbilie 0.0.0.0, maana hiyo ni kila anwani ya IPv4 uliyo nayo, pamoja na ya Wi-Fi utakayojiunga nayo kesho. Taja anwani ya mtandao wako wa ndani, uhakikishe ruta haiibadilishi, kisha uruhusu watumiaji kwenye pg_hba.conf, faili la Postgres linalosema nani aingie na kutoka wapi. Fayawoli ndiyo ya mwisho, nayo uifungulie poti ile moja tu.

Kwa SSH, huduma ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, ukibadilisha mipangilio endesha sudo sshd -t kabla ya kuiwasha upya. Ukikosea kuandika, itakutajia mstari wenye kosa.

Kuhusu /etc/resolv.conf, faili linalotaja seva za DNS zinazogeuza majina kuwa anwani, soma maelezo ya juu kabisa ya faili kabla ya kuhariri. Likiwa linatengenezwa na programu kama NetworkManager au systemd-resolved, mara nyingi litakuambia, na ulichoandika kwa mkono kitafutwa.